Kikombe cha Ramadhani Kileleni

Bi Hafsa aliapa kutomgombeza mtu siku ile, maana alikuwa anapanda mlima kwa ajili ya marehemu mumewe, Ramadhani. Kiapo kikavunjika hata lango la hifadhi halijapotea machoni.

"Siendi," Klementi akasema, akajitupa katikati ya njia kama gogo. "Nipe ndizi kwanza."

"Shemeji! Si umekula chane nzima?"

"Ile ilikuwa ya kupandia. Nataka ya kupumzikia."

Akala, akajimiminia maji kwenye kibati chake kilichobonyea, akanywa polepole kama mtu anayelipwa kwa kunywa.

Afanyeje? Klementi alikuwa mtani wa Ramadhani, na mtani hakasirikiwi. Ndiye aliyejilaza kaburini siku ya mazishi, akagoma kutoka mpaka aletewe jogoo. Wa kwanza akamrudisha, eti amekonda.

Na ndiye shahidi pekee aliyebaki. Enzi zake, Ramadhani alisimulia kwenye kila baraza la Kivinje kwamba yeye na Klementi, walipokuwa vibarua wa kufyeka mpaka wa hifadhi, walifika kilele cha juu kabisa, na juu ya jiwe la kileleni akaacha kikombe chenye jina la mchumba wake, Hafsa. Watu walimcheka. Wifi yake Hafsa, Moza, alicheka hata kwenye hitima: "Kaka yangu alikuwa mwongo, Mungu amrehemu." Hilo ndilo lililompandisha Hafsa mlima na magoti yake mabovu. Akikikuta kikombe, Moza atafunga mdomo.

Mlima wenyewe umesimama wima hata nyani huushuka kwa makalio. Mbele alitangulia Stella, askari wa hifadhi, bunduki begani, akijifanya hasikii. Nyuma Klementi akaketi tena. Akadai embe. Akadai abebwe.

Walipofika juu palikuwa na jiwe, na jiwe tu. Hafsa akalizunguka, akapapasa majani, akaingiza mkono kila ufa bila kujali nyoka. Hakuna. Akakaa chini, machozi yanamlenga.

"Shemeji, unatafuta nini?" Klementi akauliza, anakunywa maji.

"Kikombe! Kikombe cha Ramadhani!"

"Si ungesema. Ulimwambia Stella, mimi hukuniambia." Akakiinua kile kibati. "Hiki? Alikiweka hapo, akageuka kutazama bonde, nikakichukua. Mtani haibi. Nikangoja adai, tucheke." Akakifuta kibati kwa kiganja. "Hakudai mpaka amekufa. Mtani gani yule!"

Hafsa akampokonya, akakigeuza. Kitakoni, kwa ncha ya msumari: HAFSA, herufi ya S imeandikwa kinyume, vilevile Ramadhani alivyoiandika maisha yake yote. Akamchapa Klementi kwa ncha ya khanga, analia, anacheka, anachapa tena. Kisha akakiweka juu ya jiwe.

"Samahani, mama," Stella akasema. "Hifadhini hairuhusiwi kuacha kitu."

"Mbona mume wangu aliacha?"

"Kwani kilikaa?"

Hafsa akashusha pumzi ndefu, akakifunga kikombe kwenye khanga.

Katikati ya mteremko Klementi akaketi njiani. "Kiu, shemeji. Nipe kikombe."

"Kunywa kwa viganja," Hafsa akasema, akamruka akaendelea kushuka. "Hiki anakinywea chai Moza kesho, mbele yangu. Na sukari simtilii."