Mlinzi Aliyefungua Mtandao wa Kuluba

Jumatatu saa tatu asubuhi, Afedra, mlinzi wa zahanati moja huko Kuluba, alijaza fomu ya likizo ya siku nne. Mama yake alikuwa mgonjwa kijijini kwao Omugo na alitaka kumwona. Fomu ilipelekwa Arua, ikawekwa mezani kwa mkuu wa ofisi ya afya, ambaye alikuwa kwenye semina Kampala. Mkuu huyu alipenda semina kama mbuzi anavyopenda majani ya muhogo.

Katika ofisi hiyohiyo, Ritah, fundi wa mtandao, alikuwa amemaliza kuweka programu mpya. Zamani muuguzi wa Kuluba akitaka kuongea na daktari wa Arua kwenye skrini, Ritah alibadilisha sheria za mtandao kwa mkono, kifaa kimoja baada ya kingine. Programu mpya ilisubiri tukio. Tukio likitokea, ilizibadilisha sheria zote yenyewe na kufungua njia, hata kabla hujapepesa jicho. Ilikuwa kazi safi. Kasoro ilikuwa moja tu: mkuu aliagiza kwamba tukio liwe sahihi yake.

Jumatano mjamzito mmoja, Keji, aliletwa kwa bodaboda kutoka mpakani. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Night, muuguzi wa zamu, alibonyeza skrini. Skrini ikamwambia asubiri sahihi.

"Afedra, mama hii iko nakufa," Night alisema. "Watu ya Arua hawawezi kufungua?"

"Ngoja kidogo."

Kwa watu wa kwao Afedra, kila mwanamume ana mwito wake, cere, na mwingine haruhusiwi kuuiga. Huupiga akirudi kutoka ngomani, ili walio nyumbani wajue ni nani anakuja. Afedra aliweka rungu chini, akageukia upande wa Arua, akapiga cere yake.

Arua ni mbali, lakini programu ilisikia. Iliandika: Tukio: Afedra ameita. Kisha ikafungua mtandao. Ritah alisoma, akaona hakuna kosa, akaendelea na chai yake. Daktari alitokea kwenye skrini, akamwelekeza Night hatua kwa hatua, na kabla ya adhuhuri mtoto alilia. Tumshukuru Mungu kwa hilo, na kwa koo la Afedra.

Mkuu aliporudi kubadilisha nguo za semina, alisoma taarifa. Aliagiza Afedra abandikwe namba ya vifaa vya ofisi, kama kompyuta. Namba ilibandikwa kwenye koti lake la mvua. Fomu ya likizo aliiona pia, lakini kifaa hakichukui likizo, basi akaiacha bila sahihi na kuondoka tena.

Miezi mitatu ikapita, watoto waliozaliwa kwa mwito wake wakawa saba. Watu wa Kuluba walimletea Afedra simsim, kuku na unga wa muhogo mpaka kibanda cha getini kikajaa.

"Asante ni mzuri," aliwaambia, "lakini mama yangu iko peke yake."

Keji aliwakusanya wenzake. Wanawake saba, watoto saba migongoni, walipanda lori la mizigo, wakapita Koboko, wakafika Omugo. Walipiga magoti mbele ya kitanda cha mama mzee.

"Mama, Afedra ametutuma. Hawa watoto iko yake, yeye aliwaita."

"Na yeye mwenyewe iko wapi?"

"Iko kazini, mama. Bado iko nangoja sahihi."

Mama aliwapokea watoto mmoja mmoja, akawatemea mate kidogo utosini kuwabariki. Alifurahi sana, na alisema hivyo. Saa tisa alasiri cere ilisikika kutoka upande wa Koboko. Mama aliinuka kitandani kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita, akajifunga kitambaa kichwani.

"Ndiyo yeye, iko nakuja," alisema. "Wekeni maji ya kuoga."

Wanawake walitazamana. Walijua kwamba Afedra haji; huko Kuluba mtoto wa nane alikuwa anazaliwa. Keji aliweka maji motoni.