Shahidi wa Lusekelo

Nilichokiona kwanza ni kola ya shati lake. Mbele ilikuwa imenyooka, nyuma imejaa mikunjo. Nikajua kaka yangu Lusekelo amelala tena kwenye basi, kichwa kimeegemea kioo. Tangu kazi ya ghala ilipoisha na chumba kikamponyoka, hulala humo.

"Wakikukubali, unapata kitanda leo hii?" nilimuuliza nje ya ukumbi wa Chama cha Undugu, mtaa wa Harrow.

"Leo hii. Nyumba yao ya Neasden ina nafasi. Wewe jibu swali lao tu, mdogo wangu."

Chama cha Undugu ni cha wanaume wa kwetu Tanzania, na hawampokei mtu bila kumpima. Anayeomba huja na mtu aliyemjua tangu utotoni, na huyo ndiye anayeulizwa. Hapa London kaka hana mwingine ila mimi.

Wazee watatu walikaa nyuma ya meza. Lusekelo akasimama karibu na mlango, mikono nyuma.

"Huyu anayetetemeka ni shahidi au mshitakiwa?" akatania Mzee Aikaeli. Wenzake wakacheka.

"Mwacheni binti wa watu," akasema mwenyekiti, Mzee Telesphor. Akanigeukia. "Mwanangu, ungempa kaka yako ufunguo wa nyumba unayoishi?"

Ninaishi kwa Mama Vasanti, nalea watoto wake. Sijawahi kupewa ufunguo. Nikirudi napiga kengele. Nikaanza kutafuta namna ya kulieleza hilo. Lakini mbele za watu maneno hunikauka, tangu shuleni, na shule yenyewe niliiachia darasa la nne. Nikatazama sakafu.

"Sema, mama," Mzee Telesphor alinibembeleza.

Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka.

"Basi, usijitese. Nani anapenda kumsema nduguye vibaya? Tumekuelewa."

"Hapana, wazee, huyu ana aibu tu!" Lusekelo alipaza sauti. "Ndivyo alivyo!"

"Kijana, usimsemee," akasema mwenyekiti. "Kuna wengine wanakisubiri kitanda hicho."

Tulitembea hadi kituo cha basi. Mvua ilikuwa inanyesha. Hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko matusi.

"Si kitu," alisema basi lilipofika. "Basi hili lina joto kuliko chumba changu cha zamani." Alijaribu kucheka. Akapanda, akakaa dirishani, akaegemeza kichwa. Likaondoka naye.

Nikakimbia kurudi ukumbini. Taa zilikuwa zimezimwa, mlango umefungwa. Niligonga mpaka vidole vikauma. Hakuna aliyeitika. Basi nikauambia mlango, kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Ningempa! Siku nilipofika nchi hii alinipa kitanda chake, yeye akalala sakafuni mpaka nikapata kazi. Ningempa ufunguo, wazee. Nyumba ingekuwa yangu, ningempa."