Wavu Katikati ya Mahindi

Mbele ya watu Banza alikuwa mkulima. Alikuwa na nusu hekta ya mahindi kando ya ziwa karibu na Kashikishi, jembe, na kofia ya chama cha ushirika. Aliyetaka ushahidi zaidi ya huo alikuwa na lake jambo. Lakini nyumba yake haikuishi kwa mahindi, iliishi kwa ziwa. Tangu avuke kutoka Kongo na mkewe Marthe, kilichowalea watoto wao ni chisense, vile visamaki vidogo vya kukausha, na kilichovikamata ni wavu ambao Marthe aliushona kwa vyandarua kumi na viwili.

Wavu wa namna hiyo ni marufuku mwaka mzima. Na tangu Desemba hadi mwisho wa Februari hata wavu halali hauruhusiwi kugusa maji, ili samaki wazaane. Banza aliwaonea samaki huruma, ila si kiasi cha kulala njaa. Kila asubuhi aliuanika wavu wake katikati ya mahindi, juu ya vijiti, mahindi yakiuzunguka kama wigo. Maofisa wa uvuvi walipekua mitumbwi, mapipa, hata chini ya vitanda. Nani angetafuta wavu shambani?

Januari hiyo viwavi wakavamia mahindi ya kando yote ya ziwa. Ushirika ukamleta Davies, kijana wa Kashikishi aliyejifunza Kiswahili sokoni kwa Wakongomani, pamoja na droni yake ya kupuliza dawa. Ilikuwa bure kwa kila aliyejiandikisha, na Marthe alikuwa amemwandikisha mumewe kabla ya wengine wote.

Siku ya mkutano wa ushirika Davies aliwaeleza wakulima kwamba mashine haipulizi kwa kubahatisha. Lazima kila shamba lipigwe picha kutoka juu kwanza. Banza akaukumbuka wavu wake, akainuka.

"Ya kwangu uache," akasema. "Mahindi yangu haina na bidudu."

"Papa Dan," Marthe akamwita taratibu, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "jana ulinionyesha bidudu na mukono yako."

"Ile ilikuwa ya jirani. Ilikuya kutembea tu."

Watu wakacheka. Banza akakaza uso, akawahutubia kuhusu majivu, dawa ya wazee, ambayo haihitaji betri. Basi kila shamba likapata dawa isipokuwa lake. Baada ya siku kumi mahindi ya majirani yalikuwa yanatoa majani mapya, yake yakiwa matundu matupu. Ilimuuma sana. Mshika mbili moja humponyoka, akajipoza, na iliyobaki angalau ndiyo yenye samaki.

Kisha Davies akaja na simu yake kubwa.

"Ba Banza," akaanza kwa heshima ya Kibemba, "picha ya shamba yenu nilipiga siku mbili kabla ya mukutano. Muangalie."

Banza akaangalia. Kulikuwa na kijani, matundu, na katikati yake mstatili mweupe pe. Ulikuwa wavu wake, umeanikwa.

"Mimi nilishangaa," Davies akaendelea. "Batu bote banalia juu ya bidudu, weye peke yako ulifunika miche na neti. Nilituma picha kwa bakubwa wa wilaya. Ijumaa banakuya kuona shamba ya mufano. Hata Ba Chiti, ofisa wa samaki, atakuya, sababu eko mu komiti."

Zilibaki siku tatu. Kuung'oa wavu hakungesaidia, maana picha ilishafika wilayani. Marthe hakupoteza muda kwa lawama, ingawa alikuwa nazo tele. Alizunguka kwa majirani akiomba miche ya kabichi, wakaipandikiza chini ya wavu jua likiwaka, nayo ikalala chini kama walevi.

Ijumaa wakubwa wakaja, wakainama, wakasifu. Banza aliwaeleza kilimo cha neti kwa Kiswahili, Kibemba na Kifaransa, na alivyozidi kueleza akaanza kujisadiki mwenyewe.

Chiti alikuwa wa mwisho kuinama. Alipitisha kidole kwenye mshono, akatoa chisense mmoja aliyekauka.

"Na hii?"

"Mbolea, mukubwa."

Chiti akamtazama samaki, kisha Banza. Halafu akamtia samaki mfukoni mwa shati.

"Basi hii neti isitoke hapa," akawaambia wenzake kwa upole. "Ni mufano ya wilaya. Davies atapitisha droni kila juma tuione, na mimi mwenyewe nitakuwa napita."

Wakapiga makofi. Banza naye akapiga, angefanya nini?

Machi mosi ziwa likafunguliwa, wanaume wote wakashuka majini. Banza alibaki shambani, droni ikivuma juu ya kofia yake. Kabichi zilikuwa zimeanza kufunga vichwa, tena vizuri, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

"Papa Dan," Marthe akaita, ameshika ndoo mbili, "kabichi inaomba maji."

Akazichukua, akashuka, akapita katikati ya mitumbwi iliyojaa chisense. Jirani mmoja akamsalimu, akamwita mukulima. Banza akaitikia, akajaza ndoo zake, akapanda nazo. Hayo maji ndiyo kitu cha kwanza alichopata kutoa ziwani bila kuvunja sheria.