Alama Zilizokataa Kufa

Mstari kwenye kioo cha kompyuta ulikuwa mrefu na safi, na haukupaswa kuwa hivyo.

Kwa miaka mitatu nilikuwa natafuta umbo la protini moja ikiwa ndani ya seli hai, si kwenye maji ndani ya chupa ya maabara ambako kila mtu ameshaipima. Tunaibandika alama mbili zenye usumaku mdogo mno, tunaidunga ndani ya mayai ya chura, tunayagandisha, kisha mashine inasoma umbali kati ya alama hizo. Kudunga ilikuwa kazi ya mwenzangu Tjark. Hapa Konstanz, Ujerumani, hakuna mkono uliotulia kama wake.

Siku hiyo, kwa kujaribu tu, niliyaacha mayai yakae saa nzima kabla ya kuyagandisha. Yai lililo hai huzimaliza alama hizo usumaku wake; zilipaswa kuwa kimya. Zangu, kwa mstari ule mrefu, zilikuwa zinapiga kelele, kana kwamba hazikuwahi kuingia kwenye yai.

Nilimkuta Tjark jikoni kwetu maabarani akikata keki ya jibini. Makala yetu kuhusu protini hiyo ilikuwa imekubaliwa na jarida, na keki ilikuwa ya kusherehekea.

"Tjark, mayai ya leo uliyadunga?"

"Kula kwanza, Daktari."

"Usiniite Daktari. Uliyadunga?"

Akaramba kisu. "Yanapasuka, Henrike. Tangu theluji iyeyuke yanapasuka tu. Na wewe kila Ijumaa unalia kwa kukosa matokeo. Nikawa naimimina protini kwenye maji, pembeni ya mayai."

"Makala inasema ndani ya seli umbo halibadiliki!"

"Si ndivyo ulivyopata?"

"Nimepima maji, mjinga wewe! Maji yale yale!"

"Punguza sauti. Jina langu limo pia. Tukizama, tunazama wote."

"Nilikuwa nakusifia kwa mama yangu," nikasema. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitoka.

Profesa Osterkamp, mkuu wa maabara yetu, akaingia na sahani. "Mbona hamli? Nani kafa?"

"Profesa, makala iondolewe. Protini haikuwa ndani ya mayai. Ilimwagwa nje."

"Na nani?"

Nilimtazama Tjark. Nilitaka aseme mwenyewe. Bado nilikuwa namwachia nafasi hiyo. Alifuta kisu kwa kitambaa, pande zote mbili.

"Tulikubaliana," akasema. "Mimi na Henrike."

"Muongo!"

Mashine ile inajua protini ilikuwa wapi. Haijui mkono ulioiweka. Profesa aliweka sahani mezani, akatutazama sote wawili kwa shaka ile ile.