Sisimizi Wanaosujudu

Mefuru ni nchi ya mabonde yanayochanua mwaka mzima, nchi ambayo nyuki wake hawajui mapumziko, na ambayo asali yake yote, tangu ile nyeusi ya misituni hadi ile nyepesi ya maua ya kahawa, hupanda mlima juu ya vichwa vya wanawake na mabega ya wanaume mpaka Tambire, mji wa kasri, na ikishapanda haishuki tena. Warina asali wa Mefuru wanaijua harufu yake. Utamu wake wanasimuliwa tu. Kila nikiiwaza nchi hiyo nashika kichwa kwa mshangao, kwa maana sijapata kusikia watu wengine walioliheshimu shairi kiasi hicho.

Shairi lenyewe ni utenzi wa kale ambao watoto wa huko huukariri kabla hawajajua kujifunga nguo, na ubeti unaopendwa kuliko yote ndio huu:

Mtawala mwenye haki
sisimizi hawatoki
alipo hawabanduki
wadogo humwandamia.

Mtunzi alikufa zamani bila kumwambia mtu alikusudia nini. Wafasiri wa kasri, wazee wa majoho marefu wanaolipwa kwa asali, waliamua kwamba sisimizi ni sisimizi, basi. Ndipo ilipowekwa desturi ya Bamba Jeupe. Kiti cha enzi kikikaribia kubaki wazi, kila mmoja wa ukoo wa kifalme hukojoa juu ya bamba lake la jiwe jeupe nyuma ya kasri, kisha baraza zima, na kofia zao za dhahabu, huketi kusubiri wadudu. Asiyefuatwa na sisimizi hurudi zake nyumbani na afya yake. Anayefuatwa ndiye mrithi, naye tangu siku hiyo hulishwa asali bakuli kwa bakuli ili utukufu usimpungukie.

Baada ya hapo kila mfalme alipita njia ile ile. Alishikwa na kiu isiyokatika, akawa mtu wa kwenda haja ndogo kila mara, macho yakaingia ukungu, na mwishowe vidole vya miguu vikaanza kuoza na kukatwa. Wafasiri walikuwa na maelezo ya kila kitu. Kiu ni kiu ya haki. Ukungu ni pazia linalomkinga mfalme asione mambo madogo. Vidole ni ushuru ambao ardhi inamtoza mtu mzito kwa heshima. Hakuna mfalme wa Mefuru aliyepata kuzeeka, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mfalme wa wakati ninaousimulia aliitwa Shangwi. Alikuwa amekwisha kuwa kipofu, na katika mguu wake wa kushoto palikuwa na kidonda kisichofunga, ambacho mkewe, Malkia Nyakeba, alikiosha kila asubuhi kwa mikono yake mwenyewe. Nyakeba aliolewa kutoka bonde la mbali. Huko kwao, mtu ambaye mkojo wake unajaa sisimizi huambiwa kwamba anaumwa, hukatazwa vitu vitamu na kuhimizwa kutembea. Alipofika kasrini akiwa bibi arusi alicheka aliposikia habari za Bamba Jeupe, akaonywa, akanyamaza. Alinyamaza miaka yote hiyo, mpaka sisimizi walipomfuata Sheluwe, binti yake wa pekee, mwanamke mnene, mcheshi, aliyelelewa kwa asali tangu alipoacha ziwa.

Tambire yote ilipiga vigelegele. Nyakeba alikwenda moja kwa moja kwa Kidalanda, Mfasiri Mkuu.

“Bwana Kidalanda, mwanangu anaumwa.”

“Anatukuka, Mama Malkia.”

“Anakunywa mtungi mzima wa maji na bado ana kiu. Baba yake alianza hivyo hivyo.”

“Naye si akawa mfalme?”

“Akawa mfalme, na sasa hanioni. Bwana, yule mtunzi hakuwa akisema wadudu. Alisema wadogo. Ni wale wanaotupandishia asali. Alitaka kusema mtawala wa haki ni yule ambaye wanyonge wanamwendea bila kuogopa.”

Kidalanda alicheka kwa adabu, akipangusa utamu kwenye ndevu. “Mama, tukikubali kwamba sisimizi si sisimizi, kesho watatuuliza kama mfalme ni mfalme.”

Siku ya kutawazwa ikawadia. Sheria ilikuwa fupi: mrithi hupokea bakuli kutoka mkononi mwa mfalme, na akishakunywa, haruhusiwi kukataa asali maisha yake yote. Nyakeba alijua kwamba bakuli hilo likimwagika kooni mwa mwanawe, atakuja kumwosha miguu naye.

Ukumbi wa Tambire una nguzo nyeupe zinazopotea juu gizani, na siku hiyo kila nguzo ilipakwa asali hadi kimo cha mtu. Shangwi aliketi, mguu wake mbovu juu ya mto wa hariri. Sheluwe alipiga magoti. Bakuli lilipofika midomoni mwake, sauti ikapazwa kutoka miongoni mwa Wafasiri: “Tazameni!”

Sisimizi walikuwa wamekuja. Walitoka katika nyufa za sakafu, wengi kuliko walivyopata kuonekana, wakaziacha nguzo na asali yake, wakapita katikati ya baraza mpaka penye mto wa hariri, wakapanda. Wafasiri waliporomoka kifudifudi. Wengine walilia kwa furaha, kwani wadudu hawakuwahi kumpandia mfalme mwenyewe. Hata mimi ninayesimulia mwili unanisisimka, maana lilikuwa jambo la kutisha na la kupendeza kwa pamoja, kile kijito cheusi kikipanda kimya kwenye hariri.

“Wananisujudia?” aliuliza Shangwi, uso wake umejaa nuru.

Wengine wote walikuwa chini. Nyakeba peke yake ndiye aliyekuwa amesimama.

“Hawakusujudii, mume wangu,” alisema. “Wanakula.”

“Wanakula nini?”

“Wanakula wewe. Wamo ndani ya kidonda.”

Mfalme alitulia, kama mtu anayetega sikio kwenye chumba kingine.

“Mbona sihisi kitu?”

Sheluwe aliutazama mguu wa baba yake kwa muda mrefu, kisha akaliweka bakuli sakafuni. “Mama,” alisema, “kwenu mnatembea mpaka wapi?” Wakainama wote wawili, mama na binti, wakaanza kuwaondoa sisimizi mmoja mmoja.

“Hili ni kufuru!” Kidalanda aliguta, akijiinua kwa taabu. “Mrithi akatae, lakini nchi haitakataa! Mlinzi, fungua dirisha. Watu wa mabondeni wanapanda na asali ya sherehe, waone aibu hii.”

Mlinzi akafungua, akachungulia.

“Wanakuja, Bwana. Mstari mmoja mweusi, umeanzia mabondeni kabisa. Sioni mwisho wake.”

“Wanakuja kusujudu,” alisema Kidalanda.

“Labda, Bwana. Ila vibuyu vya asali wamevipindua mdomo chini.”

Hakuna Mfasiri aliyetoa maelezo. Hatua za wale watu zilikuwa nyepesi mno kusikika, lakini vumbi lao lilikwisha anza kuingia dirishani. Kidalanda aliketi polepole kwenye ngazi ya kiti cha enzi, akavua kiatu kimoja, akajiminya kidole gumba cha mguu. Akasubiri kidogo. Kisha akaminya tena, kwa nguvu zaidi.