Kaseti ya Kupimia

Fundi redio alikuwa na kaseti moja ya kupimia, albamu ya mwanamke aliyeimba mambo ya moyo wake mwenyewe. Kila redio aliyoitengeneza aliitia kaseti hiyo, akazungusha skrubu ya mota mpaka sauti ikawa nzito na ya polepole, kama ilivyosikika kwenye redio yake ya nyumbani. Kaseti hiyo mkewe aliiacha alipoondoka, na fundi alishakata shauri kwamba mke na mwimbaji walikuwa ndugu kwa huzuni.

Juzi binti yake alimletea albamu ileile kwenye santuri, pamoja na mashine ya kuichezea. Sindano ilipogusa, mwanamke alitoka mwepesi, karibu anacheka.

“Hiyo mashine yako inakimbia,” fundi alisema.

“Haikimbii, Baba. Redio yako ya nyumbani ndiyo iliyokuwa inajikokota, na umezikokotesha za mtaa mzima.”

“Santuri umeitoa wapi?”

“Kwa Mama. Kila asubuhi anaiweka, anapiga deki huku anaimba.”

Fundi alichukua bisibisi, akapunguza mwendo wa mashine kidogo kidogo, mpaka mwanamke akahuzunika tena.