Pikapu ya Ruphin Imenishinda

Mtu akikuambia gari lake linakataa siku moja moja tu, mkimbie. Afadhali gari lililokufa kabisa, halikudanganyi. Pikapu ya Ruphin, Mkongo wa Yeoville hapa Johannesburg, anayeuza mapazia na mablanketi mtaa wa Alexandra, ilinidanganya msimu mzima wa baridi.

Asubuhi ananipigia simu: dada Duni, motokari imekatala tena. Natoka karakana yangu ya Jeppestown na sanduku la zana, napanda teksi, nafika kwake, nageuza ufunguo. Gari linawaka kama halijawahi kuugua! Sasa wewe niambie, ugonjwa utautafuta wapi kwa mtu mzima wa afya? Nikabadilisha rilei, kile kiboksi kinachopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta. Nikasafisha vichwa vya betri. Waya wa ethi, ule unaoshika bodi, nikaukwangua mpaka ukang'aa. Ruphin kasimama mikono mfukoni, ananiuliza kama kule Tanga nilisomea umeme au mapishi.

Eish, mtu yule ana mdomo. Na hakuweka akiba ya maneno: kanisani kwake, kwa kinyozi, kwa wauza vipuri, kote alitangaza kwamba Duni hajui kazi. Mtaa ule mwanamke anayeshika nyaya za magari ni mimi peke yangu, na wateja huletwa na jina. Jina likioza, nifunge karakana nikakaange mihogo.

Tena swali la kwanza la fundi yeyote wa Johannesburg nilikuwa nimemuuliza: umeficha swichi ya kuzuia wezi? Hapa kila mwenye gari anayo yake, mahali anapopajua yeye na Mungu wake. Ruphin akaapa hana.

Juzijuzi nikamwambia, likikataa tena asiliguse mtu mpaka nije. Alhamisi likakataa, na safari hii likakataa mbele ya macho yangu. Nilitamani kulibusu. Starta inazunguka, injini haishiki, pampu ya mafuta kimya. Nikachomeka taa ya kupimia: umeme unatoka kwenye rilei, kwenye pampu haufiki. Nikamtuma Ruphin mjini akatafute rilei nyingine, kusudi aniondolee maneno kichwani, kisha nikafunua kapeti nikaufuata ule waya kwa vidole.

Ukapinda kwenda mahali usipokuwa na kazi, chini ya kiti cha abiria. Ukapanda juu. Viti vile vimevishwa kitenge, kazi ya Jocelyne, mke wa Ruphin, fundi cherehani. Ndani ya pindo la kitenge nikapapasa kijifuko kilichoshonwa kwa mkono, na ndani yake swichi. Imezimwa. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Ruphin kilikuwa nguoni mwa kiti.

Nikacheka kwa hasira. Baridi yote ile natukanwa kwa ajili ya kidude kama kifungo cha koti! Kuinua kichwa, Jocelyne huyo mlangoni pa gari.

"Dada Duni, usimwambie," akasema. "Siku nasikia kule Alex wanataka kufukuza wageni, nazima. Saa yake ya kwenda ikishapita, nawasha. Kaka yangu alienda kule, ile mwaka 2008 waliua wageni. Alisema atarudi jioni. Ruphin nikimwambia asiende, anasema mwanaume haogopi."

Nikamuuliza nani alimfungia ile swichi. Fundi mmoja wa kupita njia. Nikamwambia fundi huyo ni muuaji, amekata waya wa pampu. Goti la abiria likigusa swichi, gari linazimika barabara kuu katikati ya malori. Nikamfokea kama mdogo wangu wa tumbo moja. Nikamfokea na habari ya jina langu, na kila tusi nililokula kwa ajili yake. Alilia tu, na mimi kilio cha mtu mzima sikiwezi.

Basi nikauunga waya wa pampu, nikaufunga vizuri. Swichi nikaihamishia kwenye waya wa starta: ikizimwa, gari haliwaki; likishawaka, haliwezi kuzimwa njiani. Nikairudisha kwenye kijifuko chake. Nikaiacha imezimwa.

Ruphin akarudi na rilei yake mkononi.

"Gari lako limenishinda," nikamwambia. "Leo haliendi popote."

Yaliyomtoka siyarudii hapa. Mchana ule Alexandra wachuuzi wa kigeni walikimbizwa, wengine walilala hospitali.

Ijumaa akaja karakana, gari limewaka lenyewe kwa jinsi anavyojua yeye, akaanza kunisema mbele ya wateja. Mmoja akachukua ufunguo wake akaondoka. Moyo uliniuma, sikatai. Ruphin akaendelea, sauti imejaa karakana nzima, mzima wa afya, hana hata mkwaruzo. Nikamsogezea stuli, nikamwambia akae, aseme mpaka amalize.